Ndizi Iliyomenywa na Mama

Ndizi ilimla Mwalimu Atuganile mbele ya darasa zima. Ilikuwa ndizi ya mwanga, kubwa kuliko mtu, iliyojipinda juu ya meza, ikaachama na kummeza kuanzia kichwani. Wanafunzi wa darasa la tano waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Mwalimu mwenyewe, aliyesimama pembeni akiwa mzima wa afya, alicheka pamoja nao.

"Haya, Lugano," alimwambia mvulana aliyeitamka sentensi ya Kiingereza iliyoileta ndizi hiyo. "Umeona ulichosema? Rekebisha kabla hamjanizika."

Lugano alijikuna kichwa. "The banana was eaten by the teacher."

Papo hapo ndizi ikanywea, ikarudi kuwa ya kawaida, na taswira ya mwalimu ikaila kwa adabu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kionyeshaneno, chombo chenye umbo la sufuria iliyofunikwa, kilichoning'inia darini katika shule zote za Tukuyu miaka hiyo. Mtoto akitamka sentensi ya Kiingereza, chombo kiliigeuza kuwa taswira za mwanga zilizotembea na kutenda. Akikosea, taswira zilitii kosa lake. Vizazi vilivyotangulia vilikaririshwa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kwa fimbo, vikazisahau zote mbili likizo ilipoanza. Sasa watoto walijifunza kwa kucheka, na nani atasahau siku mwalimu wake alipoliwa na ndizi?

Aliyekibuni chombo hicho, Mhandisi Ambakisye Mwakalinga, alikuwa amekaa benchi la nyuma, magoti yakikaribia kumgusa kidevu. Hakuja kupongezwa, ingawa pongezi hakuwa akizikataa. Alikuja kwa sababu ya mtoto mmoja. Kionyeshaneno hakikuwahi kushindwa kumfundisha mtu, na taarifa kwamba kimeshindwa hapa ilimkera kama punje ya mchanga kwenye wali.

Mtoto huyo aliitwa Tupokigwe. Zamu yake ilipofika alisimama, akanyoosha sketi, akasema bila kosa, "Mother peels the banana."

Mwanamke wa mwanga akatokea mbele ya ubao, mwenye mwanya na kitenge cha kijani, akimenya ndizi polepole.

"Vizuri. Sasa igeuze," alisema mwalimu. "Ndizi itangulie."

Tupokigwe alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. "The banana is peel Mother."

Maneno yasiyo na maana hayana taswira. Chombo kikafanya kilichoundwa kufanya: kikarudia picha ya kwanza, kikasubiri. Mwanamke akachukua ndizi nyingine. Mwalimu Atuganile akamsogelea mhandisi na kumnong'oneza.

"Kosa hilohilo tangu muhula uanze. Asipovuka somo hili, chombo hakimruhusu kufanya mtihani. Atarudia darasa, na mtoto mwenyewe si mzito hata kidogo."

Wakati wa mapumziko Ambakisye alitoka nje akiwa amekunja uso, akiwaza ni wapi alikokosea kwenye hesabu zake. Karibu na bomba la maji alisikia sauti aliyotoka kuisikia darasani.

"Wewe Lugano nawe! Mpira haukupiga mtu, umepigwa. Sema, the ball was kicked by Lugano. Was kicked. Aliyefanya anakuja mwisho."

Ambakisye alisimama palepale. Lugano alikimbia na mpira wake, na Tupokigwe alipogeuka akakutana na mhandisi uso kwa uso.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe unajua."

Msichana alichora ardhi kwa kidole cha mguu. "Usimwambie mwalimu."

"Kwa nini unajifelisha, mwanangu?"

"Nikipatia, anaondoka."

Ambakisye hakuhitaji kuuliza ni nani. Sheria ile aliiweka mwenyewe: mtoto akishinda somo, chombo kinafuta taswira za watu wa nyumbani kwake, zisije zikazagaa kwa wasiohusika. Ilikuwa sheria nzuri. Alipewa hata tuzo kwa ajili yake.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza taratibu.

"Alifariki mwaka jana. Nyumbani hakuna picha. Tulipoanua tanga, Baba alizikusanya zote akampelekea shangazi huko Kyela. Alisema nikiziona nitakuwa nalia kila siku."

"Na huku darasani hulii?"

"Huku namwangalia tu."

Mkono wa Ambakisye ulishika kidhibiti kilichokuwa mfukoni. Amri moja tu ingetosha, na mwanamke yule angebaki milele. Kilichomzuia ni jambo alilolijua yeye peke yake. Shule ilikipa chombo picha moja tu ya mama huyo, ya uso, iliyopigwa siku ya kuandikisha mtoto. Mikono ile, ule upole, hata namna ya kuinamisha kichwa, vyote chombo kilibuni kutokana na akina mama wengine maelfu. Tupokigwe alikuwa akimkariri mama ambaye hakuwahi kuwepo. Ambakisye aliingiwa na hofu. Hakujua mtoto anaambiwaje jambo kama hilo, kwa hiyo hakumwambia. Alimwomba mwalimu amwite baba yake.

Asajile, baba yake Tupokigwe, alifika alasiri akitokea zamu kwenye mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini, buti zimejaa tope. Mhandisi alimweleza yote kule nje, pamoja na habari ya picha moja.

"Nilidhani namwepushia maumivu," alisema Asajile.

"Najua, kaka."

"Naomba nimwone na mimi."

Darasa lilikuwa tupu isipokuwa Tupokigwe, aliyeambiwa asubiri. Baba akajibana kando yake kwenye dawati dogo, akakohoa, akakitafuta Kiingereza chake cha zamani. "Mother peels the banana."

Chombo kilikuwa bado kwenye somo la Tupokigwe, na mwanamke yule akatokea. Asajile alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Chombo kikasubiri sentensi igeuzwe.

"Banana... Mother is..." Akakwama. Picha ikajirudia.

Akajaribu tena, vibaya zaidi. Ikajirudia. Mara iliyofuata Tupokigwe hakutazama mbele, alimtazama baba yake, akaona kwamba hajaribu. Midomo ilitamka lolote lile huku macho yamegandia kwenye mwanga. Mchezo ule aliufahamu vizuri mno. Akajua kwamba baba angekaa hapo mpaka asubuhi, na kesho yake angerudi.

"Baba, siyo hivyo."

Akamshika mkono. Kisha akatazama mbele.

"The banana is peeled by Mother."

Mwanamke alimaliza ndizi yake, akaiweka chini. Ukasikika mlio mfupi wa pongezi, kisha mbele ya ubao hapakuwa na mtu. Asajile alilia kwa sauti, bila kuona aibu, na binti yake akamwacha alie. Pale mlangoni Ambakisye aliinamisha kichwa. Mlio ule aliuchagua mwenyewe miongoni mwa mingi, siku aliyokuwa na furaha, na sasa alitamani angeweza kuuzima.

Hatimaye Asajile alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hakuwa mkimya namna ile," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Yule hapo mbele ametulia kama yuko kanisani. Mama yako alikuwa akimenya ndizi anagombana na jirani kupitia dirishani. Mtaa mzima unajua leo kwetu zinapikwa ndizi."

Tupokigwe alimkazia macho. Mwaka mzima baba hakuwahi kulitaja neno hilo, mama, mbele yake.

"Walikuwa wanagombania nini?"

"Kuku," alisema Asajile, akainuka kwa shida kutoka kwenye lile dawati. "Lakini hiyo ni ndefu. Chukua begi lako, nitakusimulia njiani."