Fomu Tisa Zilizojazwa Nyuma ya Tangi

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo na kufagia uwanja, Chiriku alikwenda kuruka kamba na wenzake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Wiki ile mwalimu aliwagawia wanafunzi fomu. Mtaa ulikuwa unajengewa kituo cha jamii, na mchoraji ramani alitaka kila nyumba iseme inataka kituo kiweje. Chiriku alipewa nyumba kumi na mbili. Alifika tatu tu. Katika ya tatu, bibi mmoja alimsimulia habari za magoti yake kwa saa nzima. Chiriku akaishiwa na subira, kamba ikimngoja. Akajibanza nyuma ya tangi la maji, akazijaza fomu tisa zilizosalia kwa kubuni, akibadilisha kalamu na mwandiko ili zisifanane.

Jumamosi wakazi na wanafunzi walikutana darasani. Mchoraji ramani aliweka mezani jengo dogo la kadibodi.

"Nimefuata maneno yenu," alisema kwa furaha. "Chumba cha kushonea hiki hapa, ghorofani penye upepo, kama alivyoomba Mama Fundi."

Mama Fundi, mshonaji wa mtaa, alikuwa ameegemea magongo yake mawili karibu na mlango. "Ghorofani? Mimi?"

"Mabawa umeota lini, Mama Fundi?" kinyozi alidakia. Watu wakaangua kicheko.

Mama Fundi hakucheka. "Sikuulizwa na mtu. Miaka minane nashonea barazani, mvua ikija naloa mimi na vitambaa vya watu. Hiyo fomu niliingoja siku nne, mlango wazi."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akapekua karatasi, akamgeukia kiranja wa darasa. "Labda zimechanganyika. Kiranja, si wewe uliyezipanga?"

"Nilizipanga vizuri, mwalimu," kiranja alijibu, machozi yakimlengalenga.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, mwenzake angebeba lawama, na Mama Fundi angebaki barazani. Akasimama.

"Si kiranja. Ni mimi. Sikufika kwa Mama Fundi. Niliandika ya kwangu."

"Fomu ngapi?"

"Tisa, mwalimu."

Kwenye benchi la nyuma, mama yake alivuta mtandio hadi usoni. Hilo lilimchoma Chiriku kuliko macho ya watu wote.

Mchoraji ramani aliibandua ghorofa ya kadibodi taratibu. "Hii ni gundi, inatoka. Je, kama ningekuwa nimeshamwaga zege?"

Kesho yake Chiriku alianzia kwa Mama Fundi.

"Shikamoo, Mama Fundi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Kaa. Leo uandike ninayosema, usinitungie."

Alitaka chumba cha chini, mlango mpana, na njia ya mteremko isiyo na ngazi. Chiriku aliandika, akamsomea, akasahihisha, kisha akazimaliza nyumba nane nyingine.

Jumatatu mwalimu alizipokea fomu mpya, akazisoma moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, ukimjibia mtu bila kumuuliza, umemnyang'anya kauli yake. Uaminifu ni kupiga hodi na kusikiliza mpaka mwisho, hata kama kamba inakungoja. Hujamaliza, lakini. Kiranja yuko maktaba, naye alilaumiwa kwa ajili yako."

Chiriku aliinamisha kichwa, akatoka. Maktaba ilikuwa hatua ishirini tu, lakini siku ile hakutembea safari iliyokuwa ndefu kuliko hiyo.