Mtu wa Nyuma Yako

Mambo haya ni ya kweli tupu. Nileteeni Biblia, nileteeni na Kurani, nitaweka mkono juu ya vyote viwili kwa pamoja, na mguu juu ya Katiba kama hamjaridhika. Chumvi sikutia hata punje. Mkifika mahali mkaona mvua imezidi, jueni ilizidi hivyohivyo, mimi sikuongeza tone.

Yalianza sokoni, Makiso, siku ya Ijumaa mchana, saa ambayo mwenye toleka anapiga kengele ya baiskeli yake ya kubebea abiria, mwenye pikipiki anapiga honi, na muuza samaki anawatukana wote wawili. Florentine alikuwa ametoka kazini, ofisi ya serikali ya komini, ambako watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkubwa wake. Alivaa liputa la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na kilemba cha kitambaa hichohicho kilichosimama juu ya kichwa kama kinamsaidia kudharau watu. Akanyoosha mkono, akashika buti la mpira la kushoto. Papo hapo mkono wa mwanaume ukashika la kulia.

"Papa, achilia," Florentine akasema.

"Achilia weye. Mi nilishaanza kuongea bei na huyu mama."

"Na hiyo miguu ya bata? Buti hii haitaingia."

"Na weye uko na mudomo kama..." Mwanaume akamtazama vizuri. "Kama ya mutu muzuri sana."

"Kwenda huko!"

Muuza buti alicheka hadi akashika meza. Yalikuwa mabuti ya mwisho. Huyo mwanaume aliitwa Rachidi, mtu wa Kindu, fundi wa simu na redio, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate.

"Unapeleka wapi mabuti, ma chère?"

"Mi si chère yako. Kesho na kikundi yangu tunapanda kilima."

"Kilima, Kisangani hapa? Kilima najua ni moja tu, ile ya takataka nyuma ya soko."

"Iko moja barabara ya Banalia, inaitwa Mugongo. Mutu wa kukaa kwa kivuli hawezi kuijua."

"Bon. Beba mabuti. Lakini kesho nakuja kuiona kwa macho."

Florentine alilipa, akaondoka bila kusema asante. Njia nzima alimtukana moyoni, na njia nzima alitabasamu, jambo lililozidi kumkasirisha.

Kesho yake Rachidi alikuja kweli, na viatu vya harusi. Chini ya kilima Florentine alisimama mbele ya kikundi, filimbi shingoni, akarudia sheria aliyoitunga mwenyewe.

"Hapa kila mutu anachunga mutu wa nyuma yake. Ukifika kwa kona, unageuka. Ukimuona, endelea. Ukikosa kumuona, simama palepale. Wa mbele yako atageuka, atakukosa, atasimama naye. Hivyo hivyo mpaka kwangu. Donc, mutu moja akikwama, sisi wote tunajua, bila makelele."

"Na weye," Rachidi akauliza, "nani anakuchunga?"

"Mi niko mbele. Sihitaji."

Akamweka nyuma yake, "nione vizuri ukianguka." Nyuma ya Rachidi akafuata Papa Célestin, mzee mnene aliyeamriwa na daktari atembee kwa ajili ya tension, yaani presha ya damu, halafu Jemima, rafiki wa Florentine tangu shuleni, halafu wengine.

Kona ya kwanza Florentine akageuka: Rachidi anamtazama. Kona ya pili akageuka: anamtazama bado, sasa na tabasamu. Kona ya tatu, yule mtu wa Kindu akathubutu kubusu vidole vyake na kulituma lile busu upande aliko yeye. Florentine alihisi damu imepanda mpaka kwenye kilemba. "Huyu ananifanya mutoto," akajiambia. "Sigeuki tena. Anitazame mgongo mpaka achoke." Shingo ilimwasha kwa macho aliyodhani yako nyuma yake, akaongeza mwendo, na kona zikawa zinapita.

Ndipo mvua ikaja. Nawaambia, mvua ya siku ile samaki walipanda kutoka mtoni wakawa wanapita katikati ya miti wakiulizana njia ya Isangi. Florentine alifika juu ya Mugongo akiwa amelowa mpaka mifupa. Akageuka hatimaye, neno kali likiwa tayari mdomoni. Hakukuwa na mtu.

Alipiga filimbi. Mvua ikaimeza. Alijaribu kurudi, akakuta njia imekuwa mto wa matope mwekundu, akateleza, akashika mzizi. Woga ulimpanda, na kwa kuwa hakuzoea woga, akaugeuza hasira. Akateremka upande wa pili hadi barabarani, ambako simu ilipata mtandao, akampigia Rachidi kwa namba aliyoiandika kwenye orodha ya kikundi.

"Uko wapi, mwizi wa batu? Kikundi yangu iko wapi?"

"Niko kwa maji ya ule muto mudogo," sauti ya Rachidi ilikuja ikikatikatika. "Papa Célestin ameteleza kwa mawe, mguu haukanyagi, na maji inapanda. Tunamutoa. Weye uko wapi?"

"Uliniacha peke yangu juu ya kilima!"

"Nani aliacha nani? Mi niligeuka, nikakosa mzee, nikasimama. Nilikungojea usimame."

"Mwongo! Ulirudisha batu makusudi. Unalipiza mabuti!"

"Florentine, nimeshika mutu mzima kwa mabega. Tukana kesho."

Simu ikakata.

Walimtoa mzee kwa machela ya vitenge viwili na miti, nusu ya safari wakiwa na maji kiunoni. Hospitali wakakuta mfupa una ufa. Wiki iliyofuata kikundi kilikutana uani kwa Jemima, na hakuna aliyekuja na uso wa kucheka. Papa Célestin aliketi, mguu juu ya kreti ya chupa.

"Mutu akisimama, anayemutangulia anasimama," Jemima alisema. "Hiyo ni sheria. Juu ya nini, kwa sababu gani, ilikatikia kwa nyinyi wawili?"

"Hakugeuka," Rachidi akasema, bila kupaza sauti. "Tangu kona ya tatu, hata mara moja. Angejua kama mzee ameanguka, tungekuwa na mikono ingine mbili na filimbi. Papa alikaa ndani ya maji sababu ya hiyo."

"Niligeuka!" Florentine akasimama. "Naapa niligeuka, na yeye alikuwa hayupo! Batu wa Kindu, kazi yenu ni mudomo. Rudi kwenu!"

"Flo," Jemima akaita taratibu.

"Kama munaniamini mimi ao munamuamini huyu wa jana, semeni!"

Walimjua Florentine miaka na miaka, Rachidi walimjua kwa mvua moja. Wakamwambia aende. Aliinuka, akampa mkono Papa Célestin peke yake.

"Bon. Mufuateni huyo mama. Siku moja atawapoteza wote, na bado atasema aligeuka."

Florentine alishinda, na ushindi ukakataa kumeng'enyeka. Ofisini aligonga mhuri juu ya karatasi isiyohitaji mhuri. Siku ya tatu akampigia Rachidi.

"Unataka nini kwa mwongo?" Rachidi akauliza.

"Nataka kukutukana. Siku ile sikumaliza."

"Haya, tukana. Nasikiliza."

Upande wa Rachidi redio mbovu ilikuwa inakoroma mezani.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi maliza haraka, mi niko na kazi. Na usinipigie tena kunipumulia kwa masikio. Mzee angekufa, Florentine. Hiyo haiko muchezo ya mapenzi."

Akakata yeye. Hakuna mwanaume aliyewahi kumkatia Florentine simu, na kilichomuuma hakikuwa hicho. Kilichomuuma ni kwamba yule mtu alikuwa amesema kweli mara zote mbili.

Jumamosi kikundi kikakusanyika tena chini ya Mugongo. Palikuwa na watu wapya, akiwemo mama mmoja mwenye mimba changa aliyetaka kutembea kidogo tu. Florentine akashika filimbi, akaanza: "Hapa kila mutu anachunga..." Macho yake yakatua juu ya yule mama. Akampa Jemima filimbi, akatoa simu, akaweka sauti ya juu, kila mtu asikie.

"Nini tena?" Rachidi akajibu kwa ukali.

"Kikundi yote inasikia. Sikugeuka. Nilidanganya batu wote, nikakufukuza bure. Papa Célestin aliteseka juu yangu."

Jemima alifunika mdomo.

"Juu ya nini haukugeuka?" Rachidi akauliza.

"Juu ya... weye ulikuwa unanitazama."

"Na ukitazamwa unakufa?"

"Ile siku nilidhani ndiyo." Akafuta uso kwa ncha ya liputa. "Kuja, Rachidi. Nakuomba."

"Nije niwe nyuma yako tena? Jamais."

"Hapana. Weye utatangulia. Mi nitakuwa nyuma yako. Filimbi nimeshapatia Jemima."

Alifika kwa pikipiki, ameloa matope mpaka kwenye nyusi, bado amekasirika. Alimpita Florentine bila salamu, akashika njia. Kona ya kwanza akageuka. Kona ya pili akageuka. Halafu akaanza kugeuka hata pasipo na kona.

"Huko hakuna kona!" Florentine akafoka.

"Mi naona iko."

"Tazama mbele, utaanguka!"

"Niko namuchunga mutu wangu. Sheria ni yako."

Nyuma watu walicheka, na Florentine, ambaye alikuwa akigeuka kila mara kumtazama yule mama mwenye mimba, akajikuta anacheka pia huku machozi yanashuka.

Na kule juu kabisa, ambako mtu anaona mto wote mpaka Basoko, Rachidi akapiga magoti matopeni, akamshika mkono, akasema: "Florentine, roho yangu, mwangaza wa macho yangu, kubali..."

"Tonton Hugues!"

Sauti ya kuniita imetoka meza ya nyuma yangu, hapa hapa mgahawani kwa Mama Sandrine tunapokaa. Sikuwa nimewaona wanaingia. Florentine amesimama, mikono kiunoni, na Rachidi kando yake na soda yake, anajifanya anasoma chupa.

"Nani alipiga magoti? Huyu? Kusema kitu hakuweza, alikuwa anapumua kama mbuzi! Ni mimi nilisema. Nilisema: Rachidi, unanioa ao haunioi, batu wanangoja kushuka."

"Na yeye alijibu nini?" mmoja wa wasikilizaji wangu akauliza, msaliti mkubwa.

"Alikaa chini kwanza. Halafu akasema ndiyo."

Rachidi akatikisa kichwa kukubali. Meza yote ikanigeukia. Hapa kwa Mama Sandrine anayekamatwa na uongo analisha waliomsikiliza, na mimi sheria hiyo naijua kuliko mtu yeyote. Basi liboke la samaki limeshaletwa, kubwa, majani aliyofungiwa bado yanatoa moshi, kwa meza yangu na kwa meza yao. Nimelipa. Florentine amechukua kipande cha mgongo, na kichwa, ambacho ndicho ninachokipenda, amempa mume wake.