Mate ya Bi Evgenia

Jumamosi ya Kwaresima soko la Kalamata, kusini mwa Ugiriki, halina adabu. Kila mama anagombea mboga za mwituni, anamkanyaga asiyemjua, kisha anamlaumu kwa kuweka mguu pale. Ndivyo kijana Stratos alivyosukumwa hadi kwenye meza ya Rumyana, binti muuza zeituni, kiwiko chake kikazama kwenye beseni la zeituni.

Alivaa suruali nyeupe ya kitani kama mtu aliyekwenda kupigwa picha, na kifuani kidani cha dhahabu chenye kofia ya askari wa Sparta ya kale. Rumyana, aproni ya mpira juu ya gauni la maua, akampa kitambaa ajifute.

"Zeituni hizi zinatoka wapi?" Stratos akauliza, asije akaonekana mjinga.

"Kwenye mti."

"Mababu zangu walikula hizi hizi wakienda vitani."

"Basi walikula bure, maana wewe hata mkono hujautia mfukoni."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo tusimnyime. Akanunua zeituni za kulisha nyumba tatu, na Jumamosi iliyofuata akarudi akidai zimekwisha.

Kiangazi kilipofika hawakuweza kulala bila simu. Stratos alimwita Rumi wangu, sukari ya roho. Rumyana alimwita mfalme, na mfalme hakutambua kwamba anachekwa. Lakini binti alimpenda hivyo hivyo. Mwanamume anayemmenyea mama yako machungwa bila kuombwa, kwa sababu ameona vidole vyake vimekakamaa, si mtu mbaya. Kalelewa vibaya tu.

Aliyemlea ni mama yake, Bi Evgenia. Kanisani hakosi, wa kwanza kuwasha mshumaa, na akitoka hapo huwataja wageni wa mji kama anayetaja panya wa ghalani. Rumyana, aliyeletwa kutoka Bulgaria, nchi ya Waslavi, akiwa hajaota meno, kwake alikuwa "yule Mslavi wa sokoni". Ukoo wao, alisema, ulishuka kutoka Sparta bila tone la mgeni. Basi kwa sikukuu ya mtakatifu mwenye jina lake, mwanawe akaagiza zawadi, kipimo cha vinasaba, cheti kije kitundikwe sebuleni kando ya ngao ya plastiki.

Stratos alitema mate kwenye kichupa jikoni kwa Rumyana, asije mama akaiona zawadi kabla ya siku yake. Rumyana akakaza kifuniko, akakipeleka posta.

Majibu yalisomwa mezani, mbele ya mashangazi na sahani ya pweza. Karibu theluthi ya damu ya Stratos ilifanana na ya Waslavi. Mashangazi wakaangalia sahani zao. Bi Evgenia hakumeza tonge kabla hajapata maelezo: yule binti katema mate yake humo ili ajipenyeze kwenye ukoo.

Jioni ile Stratos akapiga simu.

"Rumi wangu, usikasirike."

"Uliza unachotaka kuuliza."

"Kile kichupa... hukukichezea?"

"Nikichezee nipate nini, Stratos? Ngao ya plastiki?"

"Si mimi, ni mama anayesema."

"Mama kasema, wewe umeuliza. Mwambie ateme ya kwake." Akakata, na hakupokea tena.

Bi Evgenia alitema kweli, mashangazi wakishuhudia, ili kumwumbua binti wa watu. Walipokuwa wakisubiri, Stratos alipanda mlima Taigeto hadi kijiji cha babu yake mzaa mama, akamuuliza padri wa huko asili ya ukoo. Padri akamcheka. Kijiji kiliitwa Goritsa, jina la Kislavi, mpaka serikali ilipokipachika jina la Kigiriki, na vijito vyake bado vina majina ya kale. Wafugaji wa Kislavi waliingia milima ile karne kumi na tatu zilizopita, wakabatizwa, wakaoa, wakawa Wagiriki kama Wagiriki wengine. Lililobaki, wajukuu walilisahau kwa makusudi.

Jumamosi moja ya Februari Stratos akatokea sokoni, koti jipya, pete mfukoni, simu mkononi.

"Majibu yametoka, mama kanizidi," akasema huku anahema. "Karibu nusu Mslavi. Hakuna wa kukudharau tena, Rumi. Sisi na ninyi damu moja." Akapiga goti kwenye majani ya kabichi. "Nioe, sukari yangu... yaani, nikuoe."

Rumyana alimtazama. Uso ule ule mzuri, na hakuna aibu hata chembe.

"Na cheti kingetoka cha Sparta tupu?"

Stratos akaitazama simu, kama kwamba jibu lingekuwa humo. Wanunuzi wakampita kushoto na kulia.

"Mimi nilikupenda bila cheti," Rumyana akasema polepole. "Wewe umesubiri mate ya mama yako."

Akamshika kwapa akamwinua, kwa sababu bado alikuwa anampenda na suruali ilikuwa inaharibika. Akamfunga kifungo cha juu cha koti.

"Nenda nyumbani, Stratos. Usimwache mama peke yake siku hizi. Mwambie ugeni ni mgumu mwanzoni, lakini unazoeleka. Sisi tulizoea."

Kisha akamgeukia mteja aliyefuata.