Tepe Nyekundu Nyuma ya Nyumba

Amne alitoka asubuhi kuanika mwani. Ghafla akasimama. Vichaka vya ufukweni, nyuma ya nyumba yao ya Bwejuu, vilikuwa vimefungwa tepe nyekundu.

"Baba Sumaiya! Njoo uone!"

Mumewe, Ubwa, alikuja mbio. Alizishika tepe, akazitazama.

"Jana nliwaona watu wanapima kwa kamba," alisema. "Wanataka kujenga hoteli, mke wangu."

"Na sisi twende wapi?"

Ubwa alichukua panga. "Pori halina mwenyewe. Nkilifyeka nkapanda minazi, hapana wa kunitoa."

Alikata kichaka cha kwanza. Amne alisimama kando.

"Ubwa! Wacha!"

Alikuwa jirani yao, Muzdalifa. Yeye hufanya kazi na wataalamu wa mimea.

"Nnalinda kwangu," alisema Ubwa. "Wenzako wanatupimia nyumba."

"Nyumba? Wanahesabu vichaka!"

"Vichaka? Hawana kazi kwao?"

"Hivi ni adimu, Ubwa. Tumetafuta pwani yote hii, tumevikuta hapa tu. Tunanyoosha kamba, tunaifuata, tunaandika kila mmea tunaouona. Tunapiga picha, tunachukua jani moja. Hatung'oi. Tepe ni alama, tukirudi mwakani tujue vichaka vipi vingali hai."

"Na nkivikata, hasara ya nani?"

"Yako. Mizizi yake inashika mchanga, bahari isiule."

Amne alikuwa akilia. "Shoga, mbona hamkutwambia? Roho zilitaka kututoka."

Muzdalifa aliinamisha kichwa. "Tulimwambia sheha, tukadhani yatosha. Tumekosa. Nisameheni."

Ubwa bado hakuamini. Wakaenda wote kwa sheha, kiongozi wa kijiji chao.

"Hapana hoteli hapo," alisema sheha. "Ukiona wageni wanapima, waulize. Usiporidhika, njoo kwangu. Panga halijibu suala, bwana!"

Ubwa alipanda minazi yake upande wa barabara. Vichaka vilivyobaki hakuvigusa tena.

Likaja bamvua kubwa, maji yakajaa kupita siku zote. Bahari ilipiga kutwa. Amne aliwashika watoto, akasoma dua. Kila wimbi lilipovunjika, sakafu ilitikisika.

Maji yalipotoka, walikwenda kutazama. Pale Ubwa alipokata, mchanga ulikuwa umeliwa, shimo limekaribia ukuta wa jiko. Kwenye vichaka, mchanga ulikuwa umesimama.

Ubwa alilitazama lile shimo. Kisha akaita kwa nguvu:

"Muzdalifa! Mbegu za vichaka hivi hupandwa vipi?"