Vitunguu vya Mama Exilda Chini ya Theluji

Asubuhi za Januari kwetu huanza na beleshi. Kabla hujaonja kahawa, kuna njia ya kufungua kwenye theluji, toka mlangoni mpaka kwenye gari. Nyumbani kwa Odile Thibodeau kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Rosaire. Baba yake Rosaire, mzee Onésime, alikuwa na kazi ya kulisha jiko la kuni. Naye Odile alikuwa akimimina ploye kwenye chuma cha moto, zile chapati laini za matundu matundu, huku saa ikimkimbiza. Saa moja na nusu sharti awe shuleni, anakopikia watoto.

Siku hiyo macho yake hayakuwa kwenye chuma. Yalikuwa kwenye kichupa kidogo kabatini.

"Mwanangu, unaungua," mzee akasema.

"Mimi au ploye?"

"Wote wawili."

Odile akacheka kidogo, akageuza chapati. Lakini kicheko hakikufika mbali.

Ndani ya kichupa mlikuwa na mbegu za vitunguu za marehemu mama yake, Exilda. Exilda alifariki mwezi wa Oktoba, mwaka juzi. Vitunguu vyake vilikuwa vyekundu, bapa kama andazi lililokaliwa, na vilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba mpaka Mei bila kuoza. Hakuna duka lililoviuza. Mbegu alizichukua mwenyewe, kutoka kwenye maua ya vitunguu vyake mwenyewe, tangu alipokuwa msichana.

Februari iliyopita Odile alipanda nusu ya mbegu hizo. Alizipanda kwenye visanduku, akaviweka dirishani jikoni. Mbegu ziliota upesi. Zikarefuka, nyembamba kama uzi, zimepauka. Kisha zikaanza kulala shingo moja moja. Wiki haikuisha, zote zilikuwa zimekufa.

Sasa imebaki nusu ya mwisho. Na mbegu ya kitunguu haina subira. Mwaka wa kwanza huota vizuri, wa pili huota kiasi, wa tatu usiitegemee. Nusu hii ikifa, kitunguu cha Exilda hakipo tena duniani.

Jioni ile alikuja jirani yao, Gervaise Cyr, amebeba gunia la vidumu vitupu vya maziwa. Gervaise alifanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya kuuza miche. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini kijiji kizima kilimwita Shangazi.

"Shangazi, umeanza kuokota takataka?" Rosaire akamchokoza.

"Nimekuja kukuokota wewe, vidumu vimenizidi tu. Odile, lete mbegu zako. Tunapanda Jumamosi."

"Jumamosi hii? Nje kuna nyuzi ishirini chini ya sifuri!"

"Ndiyo. Na tunapanda huko huko nje."

Mzee Onésime akaweka kikombe chini. Sharti niwaambie kuhusu mzee huyu. Alilima viazi miaka hamsini. Kwa mkulima wa viazi wa bonde letu la mto Saint John, baridi ni mwizi. Viazi vikishavunwa huwekwa kwenye ghala lililochimbwa ardhini, na baba na wanawe hupeana zamu kulinda moto. Kiazi kimoja kikiganda, huoza, na kikioza huozesha jirani zake. Mzee alikua akijua hivyo, akazeeka akijua hivyo.

"Gervaise," akasema, "nakuheshimu. Lakini mbegu ya marehemu huitupi kwenye theluji."

"Siitupi, Onésime. Naiweka. Kitunguu cha Exilda kilipoangusha mbegu bustanini chenyewe, nani aliziingiza ndani majira ya baridi? Mbegu kavu haigandi kama kiazi, haina maji tumboni. Hulala. Siku ikifika, huamka."

"Na zangu za dirishani?" Odile akauliza. "Kwa nini zilikufa?"

"Uliziamsha usiku wa manane, mwanangu. Jiko liliziambia ni kiangazi. Zikaamka, zikatafuta jua, jua la Februari halipo. Zikajinyoosha kulitafuta mpaka zikakonda. Udongo ulikuwa na joto na unyevu, ukungu ukazila shingoni. Hukukosea kwa uvivu. Ulikosea kwa huruma."

Kwanza Shangazi alizijaribu. Alichukua mbegu kumi, akazifunga kwenye karatasi laini yenye maji, akaiweka mahali pa joto. Siku ya tano, sita zilikuwa zimetoa mkia mweupe.

"Sita kwa kumi," akasema. "Bado zina uhai. Mwakani sijui."

Jumamosi ilipofika walifanya kazi kwenye meza ya jikoni. Vidumu vilikuwa sita, vya ile plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Walivisafisha kwa sabuni. Rosaire alipasha msumari moto, akatoboa matundu chini ya kila kidumu, kumi hivi.

"Matundu ya nini?" Odile akauliza.

"Maji yatoke. Yakisimama, mbegu zitaoza. Sasa kata hapa, chini kidogo ya mkono wa kidumu, uzunguke. Usimalize! Acha upande mmoja ushike, kama bawaba ya mlango."

Kidumu kikafunguka kama sanduku. Wakatia udongo mwepesi wa miche, kina cha kiganja, wakaulowesha. Odile akanyunyiza mbegu nyeusi, thelathini kwa kila kidumu, akazifunika kwa udongo wa unene wa ukucha. Akafunga kidumu, akakizungushia selotepu pana.

"Vifuniko viko wapi?" akauliza.

"Nimevitupa," Shangazi akajibu. "Mdomo ukae wazi. Theluji itaingia humo, itayeyuka, itamwagilia yenyewe. Hewa ya moto itatokea humo. Ukiziba mdomo, siku ya jua utazipika. Na jina uandike kwenye kipande cha plastiki, ukichomeke ndani. Wino wa nje jua huula, ukifika Aprili hujui kabichi ni ipi na kitunguu ni kipi."

Wakavipeleka nje, kando ya ukuta unaopata jua, mahali pasipo na paa. Vitatu wakaviweka juu ya benchi la zamani. Vitatu wakaviweka chini, kando ya benchi.

"Sasa nifanye nini?" Odile akauliza.

"Hiyo ndiyo kazi ngumu. Usifanye kitu."

Siku nne baadaye dhoruba ilipiga mchana kutwa. Theluji ikafunika vidumu vya chini, ikafika usawa wa benchi. Odile alikuwa kazini, Rosaire yuko barabarani na gari la kusukuma theluji. Mzee Onésime akabaki nyumbani peke yake, anatazama dirishani. Aliona shingo tatu nyeupe zimechomoza juu ya benchi. Akavumilia mpaka saa nane. Kisha akavaa buti.

Odile hakujua. Kila asubuhi alitazama lundo la theluji ukutani, akajiambia vidumu vyake sita vimelala humo.

Wiki tatu zikapita. Jumapili moja, wametoka kanisani, mzee akamwita chumbani kwake. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Njoo uone, mwanangu. Nimekuokolea watoto."

Vidumu vitatu vilikuwa dirishani, juu ya chuma cha kupashia chumba joto. Amevikata selotepu, amevifungua. Ndani mlikuwa na majani membamba ya kijani. Mengi.

Moyo wa Odile uliruka kwa furaha. Kisha akayaona vizuri. Yalikuwa marefu, yamepauka, yameinamia kioo. Aliyajua majani hayo. Aliyazika mwaka jana.

"Baba," akasema polepole, "ulizitoa lini?"

"Siku ya dhoruba. Vile vya chini sikuviona." Tabasamu la mzee likaanza kupungua. "Kwani vipi? Si zimeota?"

Shangazi Gervaise aliitwa. Alitazama, akavuta pumzi.

"Tukizirudisha nje leo, zitakufa kesho. Si mbegu tena, ni watoto wachanga. Zibaki hapa. Zipunguzieni joto, zipeni taa karibu. Lakini siwadanganyi."

Waliweka taa. Waliondoa vidumu juu ya chuma cha joto. Siku ya nane mche wa kwanza ulilala shingo. Siku ya kumi na tano hakuna uliosimama.

Wakati wa chakula mzee hakugusa kijiko. Maharage yake yakapoa. Mwishowe akasukuma sahani.

"Nimemuua Exilda mara ya pili," akasema.

"Usiseme hivyo, Baba. Mimi mwenyewe nilifanya yale yale mwaka jana. Tena bila kuambiwa na mtu."

"Basi twende tukachimbe vile vidumu vitatu vingine. Tuone kama mbegu ziko hai."

"Baba anasema kweli," Rosaire akaunga mkono. "Angalau tutajua. Theluji iko futi nne, Odile. Huenda vimeshapondeka."

Odile naye alitaka kuchimba. Kila siku alitaka. Mikono ilimuwasha. Lakini alifikiri: dirishani nilizigusa, zikafa. Baba amezigusa, zimekufa. Zilizobaki ni zile tu ambazo hakuna aliyezigusa.

Akainuka, akatoka nje, akachukua beleshi. Rosaire na baba yake wakaanza kuvaa makoti. Wakamwona anafungua gari lake, anatia beleshi ndani, anafunga kwa ufunguo.

"Hakuna anayechimba," akasema aliporudi.

"Na njia?" Rosaire akauliza. "Njia tutafungua kwa kijiko cha supu?"

"Asubuhi nitakupa beleshi mkononi. Ukimaliza njia, unanirudishia mkononi."

"Mke wangu amekuwa askari jela."

"Sawa. Na wewe uwe mfungwa mwema."

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa Machi. Rosaire alipewa beleshi asubuhi, akalirudisha kabla ya kahawa. Watu wa kazini kwake walipata habari, wakamcheka mpaka wakachoka.

Katikati ya Aprili lundo lilianza kushuka. Kidumu kimoja kilitokea kimepondwa na barafu, udongo umemwagika. Odile akaumia. Viwili vingine vilikuwa vizima. Alichungulia mdomoni. Udongo mweusi, mbichi. Basi.

"Hakuna kitu," akamwambia Shangazi.

"Kuna kitu. Hakijaamka."

Tarehe ishirini na nne, kabla ya kwenda kazini, alichungulia tena. Udongo ulikuwa umetoboka. Vijani vimejikunja kama kulabu, kichwa bado ardhini, mgongo juu. Alihesabu tisa. Jioni miche ilikuwa kumi na saba. Wiki iliyofuata, thelathini na moja. Ilikuwa mifupi, minene, ya kijani kilichoiva. Hakuna hata mmoja uliotafuta kioo.

Mwishoni mwa mwezi redio ikatangaza baridi kali ya usiku. Jioni Odile alimkuta mzee amesimama mbele ya vidumu, mikono imenyooka nusu.

"Baba?"

Mzee akaitia mikono mfukoni. "Natazama tu."

"Shangazi anasema tuvifunge usiku na kutupia shuka juu. Mchana tunafungua, na udongo ukikauka tunamwagilia, maana sasa theluji haipo. Ndani haviingii."

"Nimesikia. Leta shuka." Akaitandika mwenyewe, taratibu, kama anafunika mtoto. Kisha akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Najua ilimgharimu.

Asubuhi miche ilikuwa imesimama.

Katikati ya Mei, kila mche ulipokuwa na majani mawili au matatu, waliihamishia bustanini. Haikuhitaji kuzoezwa jua wala upepo, ilizaliwa humo. Ishirini na tisa ilishika. Septemba walivuna vitunguu ishirini na saba, vyekundu na bapa. Rosaire akanusa kimoja, akasema sasa tule.

"Hatuli hata kimoja," Odile akasema.

"Hata kidogo kile?"

"Hata hicho."

Vilikaa chini ya nyumba, mahali pakavu penye baridi isiyogandisha. Hapo mzee ndiye aliyekuwa mwalimu, maana kulinda kitu kisigande alijua kuliko wote. Kitunguu kina maji tumboni, kama kiazi. Majira ya kuchipua walivirudisha ardhini, maana kitunguu hutoa mbegu mwaka wa pili. Julai vikatoa maua meupe, ya mviringo kama ngumi. Mwisho wa Agosti maua yakakauka, yakapasuka, na mbegu nyeusi zikaonekana. Odile akayakata, akayatikisia kwenye mfuko wa karatasi. Zilipatikana za kujaza kikombe kizima. Akamgawia Shangazi, akawagawia dada zake wawili, ili siku nyingine mbegu za mama yao zisikae kwenye nyumba moja tu.

Na Januari iliyofuata, ikiwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, mzee Onésime aliamka mapema kuliko wote. Alitoa nje vidumu kumi na viwili vya mbegu, akavipanga ukutani, vyote juani, vyote midomo wazi. Mwenye duka la kijijini akapita na gari, akashusha kioo, akapiga kelele:

"Onésime! Umesahau maziwa yako nje! Yataganda!"

"Yaache yagande!" mzee akajibu. "Na wewe usiyaguse!"