Kopo la Mbegu la Maman Cécile

Ndugu zangu wa Brusseli, nisikilizeni vizuri, maana kosa hili na mimi nililila, sahani mbili nzima.

Kila Januari, baridi ikiuma hapa Koekelberg, Maman Cécile wa kwaya yetu hukaa jikoni na katalogi za mbegu. Mchana anahudumia wazee. Jioni anapanga shamba lake dogo la mboga kule Neerpede: lengalenga mstari huu, vitunguu mstari ule. Mwaka wa kosa lenyewe, oda alikuwa ameshaituma. Maharagwe hakuyaagiza, kwa sababu yake hayauzwi katika katalogi yoyote. Mama yake alimpa kiganja kimoja kule kwetu Kivu, Walungu, naye kwa miaka tisa alichagua yaliyovumilia baridi ya huku, akayatunza ndani ya kopo kubwa la biskuti. Kila vuli sisi watu wa Kivu tuliyanunua kwake na kujidai mbele ya wengine.

Sasa mumewe, Rigobert. Mtu mwema, lakini anapenda sifa, jamani. Jumapili moja, mkewe akiwa kazini, alitualika watu sita baada ya ibada bila kujua nyumbani kuna nini. Kabatini alikuta mchele na lile kopo. Akapika lote. Tulimsifu mpaka akavimba kichwa.

Cécile aliingia tukiwa tunapangusa sahani, akataka kujua maharagwe yametoka wapi.

"Rigo, ile maharagi umeitosha wapi?"

"Kwa kopo. Bon, wageni walikuwa na njaa."

"Ilikuwa mbegu."

"Alors, tutaagiza ingine."

"Kwa nani?" aliuliza polepole. "Muntu wa kuniuzisha ile ni mimi peke yangu."

Akaketi na koti lake bado mwilini, akalia. Nilitamani kuyatapika.

Kisha akainuka ghafla. Yeye kila Januari hufunga punje ishirini katika kitambaa chenye maji, aone ngapi bado zinaota, ndipo ajue apande kiasi gani. Sahani ya kitambaa hicho ilikuwa bado pale karibu na radiata ya kupasha nyumba joto. Akafunua. Punje kumi na saba zilikuwa zimetoa mizizi.

"Papa Bienaimé," aliniambia, "iko inaota, na inje ni barafu. Nitaipanda wapi?"

Aliyejibu ni Rigobert, bila kuinua macho. "Kwa dirisha ya salon. Nitatosha televizio."

Na kweli aliitoa pale sebuleni. Akanunua vyungu na taa, akamwagilia kila asubuhi kabla ya kazi, yeye ambaye hata bakuli lake halioshi. Miche tisa ilifika Mei, ikapelekwa Neerpede. Septemba kopo lilijaa robo.

Oktoba Rigobert akatualika tena, watu walewale. Alipika lengalenga na makayabu, wale samaki wa chumvi. Tulipomaliza, akaleta kopo, akalifungua tuone, akalifunga.

"Hii ni ya kuangalia tu," akasema.

Cécile akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nilijivuna kuwa mtu wa Kivu kuliko siku ile niliyoshiba.

MAFUNZO

Kupenda sifa ni ugonjwa, wazazi na vijana. Kugawa kitu alichokihangaikia mwenzako si ukarimu, ni kumnyang'anya. Muulize kabla hujafungua kopo lake. Na sisi wageni tusisifu chungu tu. Tuulize kwanza mwenye chakula yuko wapi. Mimi siku ile sikuuliza.