Jipu la Njiti

Kila asubuhi kabla ya shule, Njiti alifagia chumba cha kazi cha shangazi yake, fundi cherehani, akiokota pini na vipande vya nyuzi sakafuni. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu na wembamba wake, na kwa urefu huohuo akawa mfungaji wa timu ya netiboli ya darasa la sita.

Jumatatu aliota jipu chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa gumu, jekundu na la moto. Jumanne lilianza kutunga usaha. Mechi ilikuwa Ijumaa, na mwalimu wa michezo hakuwa akimchezesha mgonjwa. Njiti akajifungia bafuni na pini ya shangazi, akalitumbua, akaliminya mpaka machozi yakamtoka. Shangazi alipomwuliza sweta alilovaa ni la nini na jua lote lile, alidai anasikia baridi.

Alhamisi baridi ikawa ya kweli. Alirudi kutoka shuleni akitetemeka. Shangazi akamwita ajaribu sare mpya, lakini Njiti alishindwa kuinua mkono. Kwapani alikuwa amevimba mtoki. Shangazi akamkunjia mkono wa sweta taratibu. Kutoka kwenye kidonda, mstari mwekundu ulipanda kuelekea begani.

"Hili limeanza lini?"

Njiti alitaka kusema jana. Akamtazama shangazi usoni, uongo ukamkwama. "Jumatatu. Nililitumbua kwa pini yako, shangazi. Niliogopa kuachwa kwenye mechi."

Shangazi hakumgombeza. Aliiacha nguo ya mteja chini ya sindano, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimchoma sindano, akasafisha kidonda huku akimweleza. Bakteria hukaa juu ya ngozi bila madhara mpaka wapate mchubuko wa kuingilia. Hapo mwili huleta damu nyingi mahali hapo, ndiyo maana huwa pekundu na pa moto, na ndani ya damu hiyo zimo chembe nyeupe zinazowala bakteria. Nyingi hufa kazini, zikawa usaha. Homa na mtoki navyo ni dalili za mapambano hayo.

Njiti akauliza kwa nini basi mwili wake ulishindwa.

"Haujashindwa," muuguzi alisema. "Ulikuwa umeshawazingira bakteria mahali pamoja. Wewe ulipoliminya jipu, uliwasukuma ndani zaidi."

Akampa vidonge, akamwonya avimalize hata akijisikia mzima.

Ijumaa timu ilicheza bila Njiti, ikafungwa kwa bao moja. Nahodha alikuja kumjulia hali, lakini hakuficha uchungu wake: angesema mapema, wangemwandaa mfungaji mwingine. Njiti aliomba radhi, na safari hii hakutafuta kisingizio.

Baada ya siku chache mstari ulififia, mtoki ukanywea. Shangazi, akimbadilisha bendeji, alisema kwa upole:

"Mwili wako ulifanya kazi yake, mwanangu. Ulikupa maumivu na joto ili ujue. Kazi yako ilikuwa moja tu, kuniambia mimi."